Kilichofichwa Hemani: Neno kwa Wenye Kompyuta wa Usambara

Ndugu zangu wa Usambara, ninyi wa Soni na Bumbuli, wa Mlalo na Mtae, wa Lukozi, Gare na Lushoto mjini, sikilizeni. Nasema na nyote, mnaokusanyika Ijumaa na mnaokusanyika Jumapili, maana dhambi ninayoikemea leo haikumuuliza mtu dini yake kabla ya kuingia kwake. Imeingia madukani, imeingia mashuleni, imeingia katika ofisi za ushirika, na Mungu atusamehe, imeingia hata katika chumba kile kinachochapa matangazo ya ibada. Imeingia kwa flashi.

Nakemea kraki. Nakemea ile programu ndogo ambayo fundi huifungua akishamaliza kupiga Windows: anabonyeza mara mbili, anasubiri kidogo, yale maandishi ya kudai leseni pembeni mwa kioo yanatoweka, na mwenye laptopu anatoa elfu kumi yake, anashukuru, anaondoka. Wengine huiita aktiveta. Wengine huitaja kwa jina, KMSPico au KMSAuto, na hakuna anayeshusha sauti. Hilo linanitisha kuliko wizi wenyewe. Mwizi wa kuku wa milima hii bado anatembea usiku. Mwizi wa programu ameweka kibao barabarani na bei yake chini.

Someni tena habari za Akani, Kitabu cha Yoshua, sura ya saba. Yeriko imeanguka, na agizo limetolewa kwamba mtu asijitwalie chochote cha mji ule. Akani mwana wa Karmi akaona vazi zuri la Kibabeli, shekeli 200 za fedha, na kipande cha dhahabu cha shekeli 50. Akatamani, akachukua, akachimba, akafukia chini ya hema lake. Nani aliona? Hakuna. Hema lilisimama vilevile, na watoto wake wakalala juu ya dhahabu. Kisha jeshi likapanda kwenda Ai, mji mdogo tu, wakapelekwa watu kama 3,000 kwa kuwa hawakuona haja ya wengi zaidi. Wakakimbizwa mchana kweupe. Wakauawa watu wapatao 36. Na kati ya hao 36, Akani hakuwemo.

Kaeni nami hapo hapo leo. Akani hakuwemo! Wahubiri wengi wakifika sura hii hukimbilia adhabu yake. Mimi nataka tuwatazame wale wengine, waliokufa mlimani bila kujua kwamba kuna kitu kimefukiwa katika kambi yao.

Kwa nini nimemleta Akani Lushoto? Kwa sababu huku kwetu kompyuta moja haimtumikii mtu mmoja. Dar es Salaam mwanafunzi wa chuo ana laptopu yake. Akiiharibu, ameiharibu yake. Huku mlimani kompyuta ya steshenari inatumikia kata nzima. Tuseme binti wa Mtae amemaliza kidato cha sita. Anadamkia basi la alfajiri, baridi inamkata mifupa, anashuka stendi akiwa na bahasha kifuani. Anataka kuomba mkopo wa HESLB. Mwenye steshenari anamfungulia barua pepe ya kwanza ya maisha yake na kumwandikia nywila nyuma ya karatasi. Anaskani cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA cha mama yake, picha yake, saini ya mdhamini. Anayemfuata kwenye foleni ni mzee mwenye shida ya TIN. Nyuma ya mzee kuna mwalimu anayeshughulikia uhamisho, na nyuma ya mwalimu kijana anayeomba kazi Ajira Portal. Jioni ikifika, kompyuta ile imebeba siri za watu ambao hawajawahi hata kulisikia neno kraki. Ndio wale 36.

Basi usiniambie tena kwamba ni laptopu yako na dhambi yako. Hapana! Siku ulipoanza kupokea watoto wa watu kwenye kiti kile cha plastiki, haikuwa yako peke yako tena.

Sasa sikilizeni namna kitu hiki kinavyofanya kazi, maana mahubiri yasiyoeleza ni kelele. Microsoft iliona kwamba taasisi yenye kompyuta mia tano haiwezi kuhangaika na leseni ya kila moja. Ikawapa wateja hao wakubwa utaratibu unaoitwa KMS: taasisi inaweka seva moja ndani ya mtandao wake, kompyuta zote zinaiuliza seva hiyo, na kila moja inapewa ruhusa ya siku 180, kisha inaomba upya. Ni utaratibu halali wa watu waliolipa. Aktiveta ya wizi hujifanya ndiyo seva ile. Inakaa ndani ya laptopu yako hapo Magamba, inaidanganya Windows kwamba iko katika ofisi za kampuni kubwa, na kila ruhusa inapokaribia kuisha inadanganya tena.

Ili uongo huo usimame, aktiveta inadai mambo ambayo wewe unayatoa yote bila kusoma. Inadai mamlaka ya msimamizi, yaani uwezo wa kugusa kila faili na kila nywila. Inadai kubaki humo siku zote, kwa sababu zile siku 180 zitarudi. Na inadai uzime antivairasi kwanza! Maelekezo yake yenyewe yanasema hivyo, na fundi anakutuliza: "Hiyo antivairasi inasumbua tu, inaiona kama kirusi." Mgosi wangu, kitu ambacho sharti lake la kwanza ni kuzima ulinzi, unangoja nabii gani aje akwambie kinakusudia nini?

Nitasema kweli yote, hata ile isiyonisaidia. Si kila aktiveta ina kirusi. Zipo zinazoidanganya Microsoft tu na kuishia hapo. Lakini wewe utaijuaje? Tovuti ni nyingi na kila moja inajiita ndiyo rasmi, na flashi ya fundi imepita kwenye kompyuta ambazo hata yeye hazikumbuki. Desemba 2021 watafiti wa kampuni ya usalama ya Red Canary walieleza kifurushi cha KMSPico kilichobeba kirusi kiitwacho Cryptbot, kinachokomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Sikia ujanja wake: kifurushi kile kiliweka aktiveta ya kweli pia. Windows ikawashwa kama alivyotaka mwenye kompyuta, naye akaridhika. Wizi wake ulifanikiwa, na wizi dhidi yake ukafanikiwa dakika ileile.

Mwishoni mwa 2025 polisi wa Korea Kusini walitangaza kwamba mtu mmoja raia wa Lithuania amekamatwa na kuletwa kwao kutoka Georgia. Walisema alisambaza KMSAuto yenye kirusi iliyofika kwenye kompyuta zipatazo milioni 2.8 duniani. Kirusi chake kilifanya kazi moja ndogo. Mtu akinakili anwani ya kupokelea sarafu za kidijitali, kirusi kinaifuta na kubandika anwani ya mwizi. Mtu anabonyeza tuma kwa mkono wake mwenyewe. Kompyuta milioni 2.8, na wenyewe wote walikuwa wakisema kile unachosema wewe: "Nimeitumia miaka yote hii na sijaona kitu."

Hukuona kwa sababu hukutakiwa kuona. Juni 2021 kampuni ya Avast ilifichua kirusi kiitwacho Crackonosh, kilichojificha ndani ya michezo ya kompyuta iliyokrakiwa. Kilikuwa kimezima ulinzi katika kompyuta zaidi ya 222,000 na kuzifanya zichimbe sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu mwingine. Mwenye kompyuta aliona nini? Feni inalia, mashine nzito, bili ya umeme imepanda. Analaumu vumbi, na anampelekea fundi, naye fundi anapiga Windows upya na kuweka kraki upya.

Wapo wezi wanaojificha, na wapo wanaopiga hodi. Tangu 2018 kuna ukoo wa virusi uitwao STOP, wengine wanauita Djvu, unaowawinda hasa watu wa kawaida wanaotafuta kraki na aktiveta. Ukiingia unafunga kila faili: picha za harusi, alama za wanafunzi, hesabu za SACCOS. Kisha unaacha barua. Dola 980, au 490 ukiwahi ndani ya saa 72. Hata hiyo nusu bei ni zaidi ya shilingi milioni moja, kwa mtu aliyekuwa akikwepa kulipia leseni! Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure chombo cha kufungua faili zilizofungwa na aina 148 za kirusi hicho. Lakini aina nyingi zilizokuja baadaye, kama kirusi kilifanikiwa kuwasiliana na seva ya mwizi siku ile ya shambulio, hazijapata dawa.

Ninyi mnaoandika tasnifu juu ya msitu wa Shume, juu ya viazi, juu ya mmomonyoko wa udongo kwenye makorongo yetu, hiki ni chenu. Mei 2021 kampuni ya Sophos ilieleza yaliyoikuta taasisi moja ya utafiti wa baiolojia barani Ulaya. Mwanafunzi mmoja aliyeshirikiana nayo alihitaji programu ya kuchora data, na leseni yake ilikuwa ghali. Akatafuta kraki. Ulinzi wa Windows ukaizuia, akauzima. Akazima na ukuta wa moto. Kraki ikaiba nywila zake za kuingilia mtandao wa taasisi. Siku 13 baadaye mgeni akaingia kwa jina la mwanafunzi yule, na siku kumi baada ya hapo kirusi cha Ryuk kikafunga mfumo. Kazi ya wiki nzima ya utafiti ikapotea, kompyuta na seva zikajengwa upya kuanzia chini. Mwanafunzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka na hakuwa na fedha, kama sisi sote.

Tena mwenye kraki huogopa masasisho. Anayazima, asije "akakamatwa" na Microsoft. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa mmoja katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka uleule kirusi cha WannaCry kikapita katika ufa huohuo na kuenea nchi zaidi ya 150. Aliyekuwa amesasisha alilala usingizi wake.

Nije kwenye maandiko na sheria, nisikae sana. Watoto wa Kilutheri wa milima hii hukariri Katekisimu Ndogo kabla ya Kipaimara, na wanajua kwamba Amri ya Saba ndiyo ya wizi. Tangu 1529 Luther aliifafanua kwa upana: haishii kwenye kuchukua fedha na mali ya jirani, inagusa pia kuyapata hayo kwa bidhaa mbovu na kwa hila. Pimeni basi. Fundi anayeuza kompyuta yenye kraki amechukua cha mtu wa mbali na kumuuzia jirani yake bidhaa mbovu. Amri moja, ameivunja pande zote mbili kwa kubonyeza mara moja! Na ndugu zangu Waislamu wasiseme mambo haya hayakuwahi kuamuliwa. Desemba 1988, huko Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilitoa azimio kwamba haki za utunzi na ugunduzi ni haki zinazolindwa na sharia, na hairuhusiwi kuzivamia.

Serikali nayo haikulala. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na programu za kompyuta zimo ndani yake. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kifungu chake cha 24 kinasema juu ya kutumia kompyuta kuvunja haki hizo: asiyefanya biashara, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, anayefanya biashara, milioni 20 au miaka mitano, au vyote viwili, na fidia juu yake. Mji wetu ndio wenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Watu wanatoka kila pembe ya Tanzania kuja kujifunza sheria chini ya miti yetu. Sisi wenyeji tutasema hatukusikia?

Sasa nasikia sauti kutoka nyuma: "Wale ni matajiri. Kuchukua cha tajiri kuna dhambi gani?" Sauti hiyo siidharau, maana ina njaa ndani yake. Windows 11 Home kwa bei ya Marekani ni dola 139. Mwambie mwalimu wa shule ya msingi Bumbuli atoe hizo, na watoto wana ada. Sitawatetea matajiri, wana mawakili wao. Lakini nikuulize, una hakika unawakomoa?

Mwaka 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliandika barua ya wazi akiwashutumu kwa wizi watu waliokuwa wakinakili programu yake bila kulipa. Mwaka 1998, sasa ndiye tajiri wa kwanza duniani, alizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington juu ya Wachina wasiolipia programu. Akasema kwamba madhali wataiba, heri waibe za kampuni yake, kwa sababu watanogewa, na miaka ikipita kampuni itapata njia ya kuwatoza. Mmesikia? Mnadhani mnampora, kumbe amekwisha wahesabu! Kila mtoto wa Lushoto anayefundishwa kompyuta kwa Word ya kraki anakua akiamini kwamba kuandika ni Word na kuhesabu ni Excel. Kesho atakuwa mhasibu, atakuwa mkuu wa shule, atakuwa diwani, na taasisi yake italipa, kwa sababu hajui njia nyingine. Kraki yako haijamnyang'anya tajiri kitu. Imemlelea wateja, kwa gharama yako na kwa hatari ya yule binti wa Mtae.

Kwa hiyo siwaambii mkanunue. Mwenye nacho anunue, ni haki na ni vizuri. Asiye nacho namwambia: toka! Toka humo ulimofungwa, maana mlango uko wazi na watu wamekwisha toka mbele yako.

Iko LibreOffice, ina kuandika, hesabu na maonyesho, bure, halali, haiombi aktiveta leo wala kesho. Inafungua faili za Word na inahifadhi kwa muundo wa Word. Je, mpangilio huwa unayumba wakati mwingine? Ndiyo, hasa kwenye majedwali na fonti, na anayekwambia hauyumbi hajaitumia. Kama kazi yako ni ya kuchapwa, igeuze PDF na mpangilio utatulia. Kama mtu anakulazimisha Word yenyewe, Microsoft hiyohiyo inayo Word, Excel na PowerPoint za bure kwenye kivinjari, ukiwa na akaunti tu, na ina mpango wa bure kwa shule zinazokubaliwa. Mwanatasnifu anayetafuta kraki ya SPSS aijaribu PSPP au jamovi, au akaze msuli ajifunze R, ambayo maprofesa wa Ulaya wanaitumia. Mtu wa misitu na ramani, QGIS inakungoja. Mchora kadi za harusi na mabango ya mikutano, una GIMP, una Inkscape, una Krita. Mwenye laptopu ya zamani iliyokwama Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na haina sifa za kuhamia 11, aweke Linux Mint au Ubuntu, na mashine ile itakimbia tena.

Na bando? Hapa ndipo ninapotaka kupiga vigelegele. Programu huria kama LibreOffice unaruhusiwa kuigawa! Faili ya kusakinisha LibreOffice ni MB mia tatu na kitu. Mtu mmoja Lushoto aipakue mara moja, aiweke kwenye flashi, na flashi ile ipande Lukozi, iteremke Mombo, izunguke shule zote za Mlalo, na hakuna sheria iliyovunjwa wala amri iliyoguswa. Flashi ileile iliyotuletea laana inaweza kubeba kilicho halali, na hakuna atakayezimishwa antivairasi.

Mnadhani huu ni mkate wa masikini? Tazameni mfukoni. Hiyo Tecno, hiyo Infinix, hiyo Samsung, zote za Android, zimejengwa juu ya kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alianza kukigawa bure mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Takwimu za zahanati na hospitali zetu hupelekwa wizarani kwa DHIS2, programu huria iliyolelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi kubwa ndani yake. Serikali inahesabu chanjo za wanao kwa programu huria, na wewe unaona aibu kuandikia barua ya mwaliko?

Tena kuna jambo linaloniuma. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice. Programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili: faili, hariri, hifadhi, chapa. Walikaa wakatafsiri maelfu ya maneno ili mtoto wa Rangwi asianze kompyuta kwa kukariri Kiingereza. Bure. Halali. Ya kwetu. Tulifanya nini nayo? Tukaipita, tukaenda kuiba ya Kiingereza. Walioifanya kazi ile hatukuwalipa hata kwa kuitumia.

Nakuja kwako fundi, mdogo wangu, na sikuji na fimbo. Najua ulijifunza kwa kutazama wengine, na mteja ndiye anayesema "niwekee kila kitu". Lakini mkulima wa Lukozi akiuziwa mbegu feki za kabichi anarudi dukani na pakiti mkononi, pakiti ina jina na namba, na muuzaji anajibu. Mteja wako akiibiwa kwa kraki uliyomwekea, atarudi na nini? Hana pakiti, na nani atamjibu? Wewe nawe hujui ulimwekea nini. Basi acha kuuza usichokijua. Uza kazi ya mikono yako: kusafisha mashine, kuweka Linux, kumfundisha mwalimu LibreOffice kwa siku mbili, kumwekea mwenye SACCOS nakala za akiba kila Ijumaa kwenye diski inayochomolewa. Kazi hiyo inalipwa, na wateja hurudi.

Na kabla hujafuta laptopu ya mtu, angalia kwanza! Hizi laptopu za mtumba zinazotoka nje, zilizotengenezwa tangu siku za Windows 8 mwaka 2012, nyingi zina leseni iliyopachikwa kiwandani ndani ya mashine yenyewe. Ukiweka toleo lilelile lililokuja nayo, mara nyingi linajiwasha lenyewe likipata intaneti. Ni mara ngapi mmechukua mashine yenye leseni halali ya Home, mkaifuta, mkapiga Pro ya kraki kwa sababu Pro inasikika kubwa? Mwenye mashine alikuwa amekwisha lipa. Mmemfanya mwizi wa kitu chake mwenyewe.

Ninyi wakuu wa shule, makatibu wa usharika, wahasibu wa ushirika wa chai na mboga, yenu ni mazito zaidi, kwa sababu mnashika majina ya watu. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini, na kuna Tume ya kuisimamia. Taarifa za wanafunzi mia nane zikivuja, hamtajibu kwamba fundi ndiye aliyeweka. Mtu aliyeshika daftari la watu ndiye atakayeulizwa.

Basi fanyeni hivi, kila mmoja kwa mashine yake. Fungua dirisha la amri, andika slmgr /xpr, bonyeza Enter. Ikikuambia imewashwa kwa kudumu, usishangilie bado. Kumbuka ni nani aliyeiwasha na kwa kitu gani. Ikikupa tarehe ya kuisha, na wewe si mwajiriwa wa taasisi yenye seva yake ya KMS, umekiona kilichofukiwa. Usikifute kijuujuu. Hamisha nyaraka zako peke yake, usihamishe programu, futa diski yote, weka mfumo halali, na badilisha nywila zote ukiwa kwenye kifaa kingine kilicho safi: barua pepe kwanza, kisha benki, kisha zile za ofisi. Wateja uliowafungulia barua pepe, wapigie simu nao wabadilishe. Ndiyo, ni aibu. Wapigie.

Wewe mwenye steshenari hapo stendi, naanza na wewe, kwa sababu foleni yako ndiyo ndefu kuliko zote. Dirisha la maombi ya mikopo likifunguliwa, watoto watashuka kutoka Mtae, Mlalo na Rangwi na bahasha zao. Safisha mashine yako kabla hawajafika.